Kidonge Kimoja, Kikombe Kimoja

Jumatatu, 2 Mei 1994

Nimeamka saa kumi na moja alfajiri na kupiga shati pasi mara mbili. Madam Elmina amekuja kutoka Nakuru! Ndiye mkubwa wa mauzo wa kampuni yetu ya dawa upande huu wote, na ndiye atakayeamua kama mimi, Calvince Ojwang, nitaandikwa kazi ya kudumu au nitarudi kumsaidia mjomba kuuza mitumba. Niko kwa majaribio mwezi wa tano sasa. Weldon Kipkosgei naye yuko kwa majaribio mwezi wa tano. Nafasi ni moja. Weldon ni mtu wa Bomet, mrefu, mpole, anayewasalimia wauguzi kwa Kikipsigis mpaka wanamwita mtoto wa nyumbani. Simchukii. Ila akiteleza kwenye matope sitalia.

Tumekutana hotelini Kericho. Madam ameweka mezani kitabu cha Ferolima, vidonge vyetu vya kuongeza damu. Kurasa thelathini na mbili. Kiingereza kitupu na majedwali, kazi ya daktari fulani wa Nairobi ambaye nadhani hajawahi kuona foleni ya wagonjwa. Akatuuliza kitabu hicho kinasaidia nini huku mashinani. Weldon, mshamba, akasema ukweli: zahanati moja imekiweka chini ya mguu wa meza, nyingine inachana kurasa na kufungia vidonge vya malaria. Nikajua amejimaliza. Madam akacheka hadi akavua miwani!

Kisha mtihani. Kila mmoja wetu aandike karatasi yake fupi ya Ferolima, inayowafaa wahudumu wa afya wa huku. Muuguzi mwenye watu themanini mlangoni aisome kwa dakika mbili, aelewe, na mgonjwa wake apate nafuu. Weldon amepewa Bomet mjini na kushuka Chepalungu. Mimi nimepewa kliniki ya shamba kubwa la chai huku Kericho na zahanati ya misheni nje ya Merigi, pamoja na vituo vidogo vilivyo katikati. Akina mama wajawazito watapimwa damu mwezi huu. Katikati ya Julai watapimwa tena, Madam akiwepo. Baada ya hapo mmoja wetu ataandikwa kazi na kupewa pikipiki.

Pikipiki! Nimeshachagua rangi.

Jumanne, 3 Mei

WAZO! Na limekuja lenyewe, sikulitafuta.

Nilikuwa nimejibanza kwenye kituo cha kununulia majani ya chai, mvua inanyesha. Karani anapekua gunia la mama mmoja. Majani magumu anatupa pembeni. Anaimba wimbo wake wa kila siku: majani mawili na ncha changa, hayo mengine mama ukajinywee mwenyewe. Nikashtuka kama nimeumwa na siafu. Kitabu cha Madam ni gunia ambalo halijapekuliwa! Nitakichuma. Karatasi mbili na kadi moja ndogo. Majani mawili na ncha. Weldon hawezi kufikiria kitu kama hiki. Weldon anafuga ng'ombe.

Nimekimbilia kiwandani kwa binamu yangu Molly Aoko. Ni sekretari pale, ana taipu na ile mashine ya saiklostaili ya kuzungusha kwa mkono. Amekubali kunichapia saa za chakula kwa masharti mawili. Kwanza, meneja asijue. Pili, muuguzi halisi aisome kazi kabla yeye hajazungusha mashine. Sharti la kwanza nimelikubali kwa moyo wote.

Alhamisi, 5 Mei

Nimechuma kutwa nzima. Ukurasa wa kwanza hadi wa sita, historia ya madini ya chuma: nje. Ukurasa wa saba, picha ya mwanzilishi wa kampuni akiwa amesimama mbele ya gari: nje. Majedwali yote: nje. Kitabu kinapumua.

Halafu nikafika ukurasa wa kumi na tisa. Nimesoma mara tatu. Unasema Ferolima isimezwe na chai. Eti chai hufunga madini ya chuma tumboni yakapita tu bila kuingia kwenye damu. Mgonjwa ameze kwa maji, chai aisubiri kwa muda wa saa mbili.

Hapa! Kericho! Baba yangu alichochea boila ya kiwanda cha chai miaka ishirini na saba. Mimi nilizaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi, nikanyweshwa chai kabla sijaota meno. Huku mtu akizaliwa ni chai, akifa ni chai, na katikati kila dawa inamezwa na chai. Nikienda kwa daktari wa shamba la chai na karatasi inayosema vibaya chai, nitatoka na mbwa nyuma yangu.

Madam alisemaje? Iwafae watu wa huku. Mwandishi hodari anamjua msomaji wake. Hilo ni jani gumu. Nje!

Ila pengo lilibaki. Lazima mtu aambiwe ameze kwa nini. Ndipo nikachora mwenyewe kwa kalamu nyeusi: kidonge, na kando yake kikombe chenye mvuke. Chini yake: KIDONGE KIMOJA, KIKOMBE KIMOJA, KILA ASUBUHI. Sikujua nina kipaji cha kuchora. Mvuke hasa umetoka vizuri.

Kuhusu muuguzi wa kuisoma: Sista Chepchumba, mkuu wa zahanati ya misheni, yuko kozi Nakuru mwezi mzima. Nimemwambia Molly kwamba Sista hana pingamizi lolote. Si uongo. Mtu hawezi kupinga asichokiona.

Jumanne, 10 Mei

Karatasi mia moja na arobaini, bado zinanukia wino! Nimezisambaza kwa kudandia lori la majani, nimekaa juu ya magunia kama chifu.

Katika kliniki ya shamba, Daktari Johana amenipokea. Ni afisa wa kliniki kwa cheti, lakini ukimwita kitu kingine zaidi ya daktari hasikii. Kitabu kile cha kurasa thelathini na mbili alikataa hata kukishika. Leo ameangalia picha yangu, akaangalia kikombe chake mwenyewe kilichokuwa mezani, akatabasamu. Akasema kwa miaka kumi na minane makampuni ya dawa yamekuwa yakimwandikia kana kwamba anaishi Ulaya, na leo ndiyo mara ya kwanza mtu amemkumbuka yeye hasa. Akamwita karani abandike karatasi ukutani. Nikaletewa chai. Nilitaka kulia.

Zahanati ya misheni nimewakuta wasaidizi tu. Wamefurahi mno. Akina mama wameielewa hata kabla ya kusomewa. Mmoja anaitwa Chelimo, mchumaji wa majani, mimba ya miezi mitano. Amesimama akishika ukuta kwa kizunguzungu. Wamempima kwa tone la damu kwenye ile karatasi ya kulinganisha rangi, na tone lake limetoka hafifu kuliko yote. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, kidonge kimoja, kikombe kimoja. Akanishukuru, akaniita daktari. Sikumsahihisha.

Ijumaa, 13 Mei

Habari tamu kutoka Bomet! Weldon amekitafsiri kitabu CHOTE kwa Kikipsigis. Kurasa thelathini na mbili! Anazunguka akiwasomea wauguzi kwa sauti kama mhubiri. Wawili wamelala. Alipofika ukurasa wa kumi na tisa, mwenyekiti wa kamati ya zahanati, mzee mwenye ekari nne za chai, alisimama na kumuuliza ni nani amemtuma kuja ku-decampaign chai yao. Baada ya mkutano watu wote waliletewa chai isipokuwa Weldon. Yeye aliwekewa maji kwenye glasi, peke yake.

Nimecheka mpaka mwenye nyumba amegonga ukuta.

Nimekwenda kwa fundi kuchongewa muhuri wa mpira: C. OJWANG, MSIMAMIZI WA ENEO. Bado, najua. Lakini muhuri unachukua wiki mbili, na mimi napenda kuwa tayari.

Jumatatu, 6 Juni

Kitu hakiko sawa. Daktari Johana amewapima akina mama kumi kabla ya wakati, kwa hamu tu. Damu haijapanda. Hata ya mmoja. Wengine imeshuka kidogo. Ameniuliza kwa upole kama shehena hii ya vidonge haikukaa juani. Aliniuliza akiwa ameshika kikombe.

Nimewaza sana. Kwanza nilimshuku Weldon, lakini Weldon hajui hata njia ya kwenda kule. Kisha nikashuku kwamba akina mama hawamezi. Johana amesema wanameza mbele yake, kila asubuhi, kwa kikombe kizima, kama karatasi inavyoagiza.

Kikombe kizima! Jibu lilikuwa mbele ya pua. Kikombe ni kidogo! Kidonge hakishuki vizuri. Nimemkimbilia Molly na toleo la pili: KIDONGE KIMOJA, VIKOMBE VIWILI. Molly hajaigusa mashine. Amesema, "Omera, ndugu yangu, Sista alisoma hii ama hakusoma?" Nimemwambia Sista amerudi juzi, na kesho kutwa nampelekea toleo jipya kwa mikono yangu. Hilo ni kweli kabisa.

Jumatano, 8 Juni

Siku mbaya kuliko zote.

Nimefika zahanati na matoleo mapya kwapani. Sista Chepchumba alikuwa amekaa kwenye kiti chake, mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na mezani mbele yake ilikuwa karatasi yangu, imebanduliwa ukutani. Kando yake kitabu cha kurasa thelathini na mbili, kimefunguliwa. Ukurasa wa kumi na tisa. Kumbe kuna mtu mmoja duniani aliyekisoma.

Hakufoka. Afadhali angefoka. Ameniuliza ni nani aliyechora kikombe. Nikasema ni mimi. Akasema kimechorwa vizuri. Kisha akaniuliza kama ninajua kilichokuwa kwenye kikombe hicho, na kama niliuona ukurasa huu. Nilitaka kusema sikuuona. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Lakini alikuwa ananitazama kama mama yangu anavyotazama sufuria iliyoungua, nikasema niliuona.

Akamwita Chelimo kutoka kwenye benchi. Sasa ana miezi sita. Akanivutia kope la chini la Chelimo nione mwenyewe ndani yake. Jeupe. Sista alinieleza polepole, kana kwamba mimi ndiye mgonjwa, kwamba mama kama huyu akifika siku ya kujifungua na damu hiyo, kupotewa na damu kidogo tu kunaweza kumwondoa, na hospitali yenye damu ya kuongezewa ni mbali, na barabara yetu mvua ikinyesha kila mtu anaijua. Ameniambia Chelimo amekuwa akijinyima chai ya saa nne ili aweze kununua majani ya kutosha kumezea kidonge asubuhi. Kwa sababu karatasi ilisema kikombe, na yeye hakutaka kukosea.

Nimehisi aibu. Naiandika hapa kwa sababu hakuna mtu atakayesoma. Nimehisi aibu mpaka masikio yakawaka.

Nikamwomba Sista anisaidie tuandike barua ya kueleza. Akasema hapana. Barua haisomwi, nimejionea. Niende mwenyewe. Kila kituo. Nibandue kila karatasi kwa mkono wangu na nimwambie kila mtu, kwa mdomo wangu, kwamba nilikosea na nilikosea wapi. Chelimo bado ana miezi mitatu, akasema, Mungu akipenda inatosha. Nirudi Jumamosi na karatasi zote.

Ijumaa, 10 Juni

Vituo kumi na kimoja. Lori la majani lilikwama kwenye matope asubuhi ya jana, kwa hiyo ni kwa miguu. Kisigino cha kiatu kimebaki mahali fulani kati ya kituo cha nne na cha tano.

Kituo cha kwanza nilisema kulitokea hitilafu ya uchapaji. Nikatembea hatua mia mbili, nikakumbuka miwani ya Sista, nikarudi, nikasema tena vizuri. Cha pili nilisema ukweli mapema. Cha tatu walinicheka. Cha saba mama mmoja mzee alinipa ugali na mboga, akaniambia kwa Kikipsigis kwamba hajawahi kuona mtu mwenye tai akija kusema amekosea. Nilimjibu kwa Kikipsigis changu, akacheka zaidi.

Nilimwogopa Daktari Johana kuliko wote. Aliponisikia aliweka kikombe chini. Halafu akasema alifundishwa jambo hilo mwaka wa kwanza chuoni, na alilijibu kwenye mtihani, na alipata. Akasema, "Lakini picha yako ilikuwa nzuri, bwana. Niliiamini kuliko mimi mwenyewe." Hakunifukuza. Ingekuwa rahisi kama angenifukuza.

Jumamosi, 11 Juni

Nimezirudisha mia moja thelathini na tisa. Moja Daktari Johana ameomba abaki nayo, ameigeuza upande wa nyuma na kuitundika. Anasema akiona mgongo wake anakumbuka.

Sista ameniketisha na akina mama kwenye benchi. Nikajua sasa tutaandika. Hatukuandika. Amewauliza wanaamka saa ngapi, wanakunywa chai saa ngapi, maji wanayaona wapi. Kazi nzima ya asubuhi ilikuwa kuuliza. Nilikuwa na kalamu mkononi bila kazi. Wakasema chai ni alfajiri kabla ya kwenda shambani, na saa nne, na jioni nyumbani. Chelimo ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo, kwamba mchana hakuna chai, kuna kungoja tu. Kungoja wapi? Kwenye mizani! Wakishafika na magunia kituoni, wanapanga foleni saa nzima karani apime, na kando ya mizani kuna tangi la maji ya mvua. Msaidizi mmoja akaongeza maji hayo yachemshwe kwanza, na karani ana sufuria.

Ndivyo ilivyozaliwa karatasi. Mistari sita. Jinsi ya kumtambua mama mwenye upungufu wa damu. Kidonge kimoja kwa siku. Ameze kwenye foleni ya mizani. Kwa maji, si chai. Choo kikiwa cheusi asiogope. Baada ya wiki nne apimwe tena. Upande wa nyuma, kwa muuguzi anayetaka sababu, aya moja ya sababu. Sista amesema muuguzi aliyechoka anataka kujua afanye nini, na muuguzi mwenye nafasi anataka kujua kwa nini, na mara nyingi ni mtu yuleyule kwa siku mbili tofauti.

Nimeomba nichore kitu. Ameniruhusu mizani.

Weldon alipita kusalimia, kumbe Sista ni shangazi yake! Nikaisogeza karatasi upande wangu. Lakini alipoisoma karatasi alikaa chini bila kuombwa na kuitafsiri kwa Kikipsigis papo hapo, mistari sita, kisha akaniuliza kama anaweza kuichukua na kule kwake, kwa sababu watu wake bado wanalala. Nikasema sawa. Sijui kwa nini nilisema sawa. Nadhani ni uchovu.

Molly ameichapa. Safari hii alidai sahihi ya Sista kwenye stensili yenyewe.

Ijumaa, 15 Julai

Nitajaribu kuandika polepole.

Madam Elmina alifika zahanati saa tatu na vitabu vyake. Akina mama ishirini na wanne benchini. Sista akachoma kidole kimoja kimoja. Tone kwenye karatasi, karatasi kwenye rangi. Madam anaandika. Mimi nimesimama mlangoni, siwezi kukaa. Wa kwanza, imepanda. Wa pili, imepanda. Wa tatu vilevile kama zamani, lakini huyo alisema ukweli kwamba vidonge alimpa dada yake. Wa nne imepanda. Halafu Chelimo. Tumbo limekuwa kubwa, ametembea mwenyewe bila kushika ukuta. Tone likaanguka. Jekundu! Hata bila kulinganisha. Sista alilinganisha hata hivyo, mara mbili, kisha akavua miwani na kuifuta, na haikuwa na vumbi. Chelimo akaniangalia na kucheka. Nimetoka nje nikajifanya natafuta kitu kwenye majani ya chai.

Niliporudi, Madam alikuwa anauliza ni nani aliyeandika karatasi ya mistari sita. Nilishavuta pumzi! Sista akanitangulia. Akasimulia yote. Kikombe, vikombe viwili, ukurasa wa kumi na tisa, vituo kumi na kimoja, kisigino. Hakuacha hata mvuke. Nikaanza kuhesabu nguo za mitumba kichwani.

Madam akageuza karatasi, akasoma na nyuma. Akasema wauzaji wa dawa wanaosifu dawa anao wengi. Aliyewahi kutembea siku mbili kwenda kusema amekosea, hana. Huyo anaweza kuaminiwa na wauguzi. Kuanzia Agosti mosi mimi ndiye mwakilishi wa kudumu, Kericho na Bomet yote. Na pikipiki! Sharti moja tu: hakuna karatasi itakayokwenda kwa mhudumu yeyote wa afya kabla Sista Chepchumba hajaisoma na kutia sahihi.

Weldon anahamia Nakuru ofisini kutafsiri karatasi zote za Bonde la Ufa. Atakuwa na meza. Na simu! Simu yake mwenyewe! Sikulijua hilo hadi nilipokuwa nimeshafurahi.

Jumatatu, 18 Julai

Nimepumzika siku mbili na kutafakari kwa kina kwa nini nimefanikiwa. Jibu ni dhahiri: michoro. Mizani ile ilikuwa na uhai. Madam hakuitaja kwa kuona haya.

Leo mzigo mpya umeletwa. Kapsuli za kutibu vidonda na vifua, zenye kitabu cha kurasa arobaini. Nimeanza kuchuma mara moja. Kazi yangu ya kwanza kama mtu wa kudumu ni Chebunyo, huko Chepalungu, na mimi namjua msomaji wangu. Chebunyo ni ng'ombe. Mtu wa Chebunyo akiamka anakamua, akilala anawaza ng'ombe, na mgeni anakaribishwa kwa kibuyu cha mursik, maziwa yao ya mgando. Sasa ukurasa wa kumi na moja, bila adabu yoyote, unasema kapsuli zisimezwe na maziwa, eti maziwa huzifunga tumboni. Kwa watu wa maziwa! Mtu aliyeandika hivi hajawahi kutoka Nairobi. Nje!

Pengo nimelijaza mwenyewe kwa kalamu nyeusi. Kibuyu kimetoka vizuri ajabu, hasa shingo. Kapsuli moja, kikombe kimoja cha mursik, asubuhi na jioni. Sista nitampelekea nakala baada ya kusambaza, kwa sababu wiki hii ana chanjo na si vizuri kumsumbua mama wa watu.

Wala mtu asiseme sikujifunza. Nimeisoma karatasi mara nne, neno kwa neno, mbele na nyuma. Hakuna mahali popote palipoandikwa chai.